Kijana wa Shati la Bluu Alikufa Lini?

Happy na Elias, mliniomba niwaandikie namna kazi ya mlangoni inavyofanywa, kwa kuwa sasa mlango ni wenu. Nimeanza mara kadhaa nikafuta. Kila nikitaka kueleza namna ya kujibu swali, nakumbuka swali ambalo mpaka leo sijalijibu, na mkono unasimama. Kwa hiyo nitaandika mambo kama yalivyofuatana, na penye kuchanganya mjue hata mimi palinichanganya, na sijapona.

Kazi yenyewe haina jina. Anayekata tiketi ni mkata tiketi, anayewasha mashine ni fundi mitambo. Mimi nilikaa kwenye kigoda nje ya banda la muvi, watu wakitoka wananiuliza. Yule mzee wa kofia ndiye baba yake kweli, au alijisingizia? Mbona yule dada alirudisha pete, halafu tukaiona tena kidoleni? Ile bunduki iliyofichwa chini ya godoro iliishia wapi? Nikawa najibu. Nimefanya hivyo tangu ningali binti mpaka macho yalipogoma, hapahapa Segese, na ukinitaka nieleze mafunzo yangu niliyapata chuo gani, nitakwambia darasa la sita, na sikulimaliza.

Baba na mama walifariki karibu karibu. Nyuma yangu kulikuwa na pacha, Kulwa na Doto, na nyuma yao Shija. Kwa Msukuma majina hayo yanatosha, unajua nani kamfuata nani bila kuuliza. Mbele yangu hakukuwa na mtu. Ndugu walikaa kikao wakapendekeza tugawanywe, mmoja aende Bugarama, mwingine Geita, pacha watenganishwe kwa sababu chakula cha wawili ni kizito. Niliwaambia asanteni, tutabaki pamoja. Waliniuliza tutakula nini. Nikajibu tena kwamba tutabaki pamoja, na wakachoka kabla yangu. Baadaye watu wakawa wananiita Mama Shija, ingawa Shija ni mdogo wangu. Sikuwasahihisha. Ilifupisha maelezo.

Mwenye banda tulimwita Mangi kwa kuwa alitoka Moshi. Nilikwenda kwake kuomba kufagia, akanikubali. Ninyi mmekuta ukumbi una viti vya plastiki na feni. Sisi tulikuwa na mabenchi ya mbao zisizorandwa, madirisha yamezibwa kwa maturubai, na jenereta nyuma linalopiga kelele kuliko spika. Watu waliita kibanda umiza, na mgongo wangu unakubali jina hilo.

Siku yangu ya kwanza, katikati ya muvi, mchimbaji mmoja alitoka mbio. Gari la kuwapeleka kazini lilikuwa linapiga honi barabarani. Akaniuliza huku anavaa ndala, "Dada, atakufa?" Nikamjibu ndiyo, maana alionekana anataka jibu. Akaondoka ameridhika.

Fundi mitambo wetu alikuwa Kaka Sande, mtu mrefu aliyeinama kwa sababu ya paa la chumba cha mashine. Alikuwa amenisikia. Akaniuliza nani atakufa. Nikasema sijui, yule kaka ameuliza tu kama atakufa.

Sande alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema jambo ambalo nawaachia ninyi kama urithi: "Minza, mtu akikuuliza, muulize kwanza ameona mpaka wapi."

Inaonekana jambo dogo. Lakini fikirini watazamaji wetu ni akina nani. Mchimbaji anakuja akipata nafasi na anaondoka akiitwa. Mmoja ameona mwanzo, mwingine mwisho, mwingine alilala katikati kwa sababu ametoka kwenye duara, shimo la dhahabu, amechoka. Senta nzima inazungumzia muvi moja, na hakuna hata mmoja aliyeiona yote. Ukijibu bila kujua mtu amefika wapi, unampa mwisho wa hadithi nyingine.

Basi nikaanza kutazama. Nilikuwa nafagia nikitazama, nauza karanga nikitazama. Kiingereza sikujua, na muvi nyingi za mwanzo hazikuwa na mtafsiri wa kuzungumza juu yake, kwa hiyo nilisoma mikono na nyuso. Sande alijua Kiingereza cha kuulizia bei. Kwa pamoja tulielewa kama nusu, na nusu iliyobaki tulielewa kila mtu vyake.

Kuna maswali yalinitesa. Wafugaji waliokuja siku ya gulio hawakujali nani kampiga nani. Waliuliza yule binti ametolewa ng'ombe wangapi. Nikisema hawakuonyesha, waliniangalia kama nimekata sehemu. Mzee mmoja alikataa kabisa kwamba wale wawili ni mume na mke, maana aliwatazama tangu mwanzo hadi mwisho na hakuona hata ndama. Alitaka nimwambie yule mwanamume ni nani hasa. Nilitafakari wiki hiyo yote. Mwishowe nikamwambia labda ng'ombe walitolewa kabla muvi haijaanza. Akaridhika. Mimi ndiye niliyebaki najiuliza ni mambo mangapi mengine yalitokea kabla muvi haijaanza.

Kuhusu vifaa, najua siku hizi mnabonyeza tu. Lakini lile deki la zamani bado liko stoo, na mtalihitaji, nitasema kwa nini. Sidii haifutwi kwa kuzungusha. Inafutwa kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa fulana ya zamani iliyofuliwa bila bluu ya kufulia. Ikiwa na mkwaruzo, paka dawa ya meno kidogo, ile nyeupe, si ile ya rangi, sugua taratibu, suuza, kausha kivulini. Namba huandikwa juu kwa makapeni, ile kalamu ya wino mzito, na wino wake hufutika kwa jasho la mikono. Hapo ndipo ilipoanzia habari ninayotaka kuwaeleza.

Mangi alinunua Kahama muvi ya Kinaijeria, sidii tatu, haijatafsiriwa. Alizifunga ndani ya shati lake kwa sababu mvua ilimkuta njiani. Zilipofika, namba zilikuwa zimebaki madoa. Sande alizitazama mwanzo mwanzo kila moja, akaandika upya moja, mbili, tatu. Tukaonyesha.

Ya kwanza ilikuwa na kijana na mama yake. Kijana anaaga, anakwenda kutafuta kazi mbali. Mama anampa shati jipya la bluu. Jirani, bibi kizee, anamletea chakula ndani ya kibuyu, anakula kidogo, kingine anabeba. Ya pili ikaanza na lori linamrudisha kijana akiwa hoi. Anafia mlangoni kwa mama yake, mama anamfunua sanda amtazame uso, anazikwa. Watu walilia. Ya tatu ikaanza, na yule kijana yuko shambani kwa tajiri mmoja, analima.

Kijana yule hasemi neno. Anaamriwa kwa mkono, anakwenda. Analala kwenye kibanda, anapewa uji, anaamka analima. Muvi inaishia hapo, jembe juu, uso wake unatutazama.

Hakuna aliyeniuliza swali siku hiyo. Walitoka wanaambiana. Mtu aliyezikwa, halafu yuko kwa tajiri analima bila kusema, huku kwetu hahitaji mtafsiri. Ni msukule. Kilichozikwa ni mgomba, watu wakafanywa waone mtu. Na mimi niliamini hivyo hivyo. Nilipofika nyumbani niliwasimulia wadogo zangu, na Doto alikataa kwenda chooni peke yake.

Swali lilikuja asubuhi yake, na aliyelileta alikuwa Mama Masalu. Alikuwa mjane. Mwanawe Masalu alikuwa amefariki si muda mrefu nyuma, duara lilimwangukia Rwamgasa. Alirudishwa amefungwa tayari, na mama hakuruhusiwa kumfunua. Shemeji yake Nkwabi, baba mdogo wa marehemu, alikuwa kazini siku ile na ndiye aliyemleta. Alimwambia kwamba walimfunika kulekule chini, hakuna aliyemwona vizuri.

Nilimwamkia shikamoo mayu, yaani mama, akaitika marahaba mwanangu. Akakaa kwenye kigoda changu, mimi nikasimama.

"Ile ya jana," akasema. "Yule mama alimpataje mwanawe?"

Nikamuuliza ameona mpaka wapi.

"Nimeona mpaka mwisho. Analima. Sasa baada ya hapo, anampataje?"

Nikamwambia muvi imeishia pale. Akatikisa kichwa kama mtu anayefichwa kitu. Akaniomba nimuulize Mangi kama kuna ya nne. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba asubuhi ambayo Masalu aliondoka kwenda Rwamgasa, Bibi Ngolo alimpa michembe imefungwa kwenye kitambaa.

Bibi Ngolo alikuwa jirani yao, mwanamke mzee sana aliyeishi peke yake na kuuza michembe sokoni, vile viazi vilivyokatwa vikakaushwa. Alipikia kinyesi cha ng'ombe kikavu, na moshi wake ulikuwa umeyafanya macho yake mekundu daima, macho ambayo huku kwetu husemwa ni ya mchawi. Kila mtoto wa senta alikuwa amekula michembe yake. Shija aliila kila siku.

Kabla ya jioni habari ilikuwa kila mahali. Yule bibi wa kibuyu na huyu wa michembe walikuwa wamekuwa mtu mmoja. Watu waliacha kununua kwake. Walipita mbele ya meza yake bila kumwamkia. Aliyekulia upande huu anajua kinachofuata bikizee akishaanza kunyamaziwa hivyo, na sihitaji kukiandika. Niliendelea kumtuma Shija kwake kama kawaida. Nilimwambia aseme shikamoo kwa sauti.

Nkwabi alikuja mlangoni na vijana watatu. Hakuwa mkali. Alinisalimia vizuri, akasema wao hawataki fujo, wanataka jambo moja tu kutoka kwangu, maana mimi ndiye ninayejua muvi. Niseme mbele ya watu, yule bibi wa kibuyu ndiye aliyemchukua kijana au siye. Nikisema ndiye, wanajua la kufanya na bibi wa kwao.

"Sijui bado," nikasema.

"Wewe hujui?"

"Muvi yenyewe sijaielewa, baba."

Mmoja wa vijana akasema, "Juzi umenieleza mpaka jina la mbwa wa jambazi, leo bibi mmoja unashindwa."

Nikaomba wasubiri mpaka Jumapili, tutaionyesha tena. Nkwabi akakubali. Akaniambia, kwa upole uleule, na wewe uwalinde wadogo zako.

Mangi alikasirika. Alisema banda lake linaishi kwa majibu, na mtu wa mlangoni akianza kusema hajui, watu watabaki na fedha zao mfukoni. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hana mamlaka juu ya muvi. Nikamwambia Bibi Ngolo si muvi. Akasema ndiyo maana anasubiri jambo litokee ndipo achukue hatua.

Mimi na Sande tuliitazama tena mchana banda likiwa tupu, na tena. Nilikuwa natafuta mahali yule bibi anafanya uchawi, hata ishara ndogo. Sikuona. Anatoa chakula, anashika kiuno, anaenda zake. Lakini kutokuona si jibu, maana mchawi hodari si ndiye asiyeonekana? Kila tulivyotazama ndivyo nilivyopotea. Kwa nini tajiri alimlipa msukule? Maana kuna mahali anampa noti. Kwa nini msukule aliugua na kukohoa shambani? Na kama alikuwa na kikohozi kile akiwa shambani, na kile alichorudi nacho kwenye lori, aliugua mara mbili? Sande alisema kichwa kinamuuma, akazima.

Nilikuja kuelewa nikiwa nashona. Shati la shule la Shija lilikuwa limechanika kiwiko, nami nilikuwa nimekaa uani naweka kiraka. Sikuwa na kitambaa cheupe, nikaweka cha rangi nyingine, na nikawa najisemea watamcheka. Ndipo mkono wangu uliposimama. Katika ile sidii ya shambani, shati la bluu linachanika kwenye kiwiko, na mpishi wa tajiri analitia kiraka chekundu. Na katika ile ya mazishi, mama anakaa amelipakata lile shati mapajani. Lilikuwa na kiraka chekundu.

Nilimfuata Sande nikiwa na sindano mkononi. Tuliweka ya mazishi. Kiraka kile pale. Sande akasogea karibu na kioo mpaka pua ikagusa.

"Tumezika kwanza," akasema.

Kijana hakuwa amefufuka. Alikuwa bado hajafa. Alikuwa mgeni kwa tajiri, hajui lugha ya pale, ndiyo maana hasemi. Alilima, akaugua, akarudishwa, akafa. Sisi tulikuwa tumemtoa kaburini kwa makapeni.

Jumapili banda lilijaa mpaka watu wakakaa chini. Niliomba Mangi asitoze kiingilio, akakubali akiwa amegeuza uso. Bibi Ngolo hakuja, sikutaka aje. Mama Masalu alikaa benchi la mbele, Nkwabi nyuma yake. Nikasimama, nikawaeleza kwamba namba zilifutika kwa mvua, tukaziweka vibaya, na leo tutaona ile ya shambani kabla ya ile ya mazishi. Nikaeleza habari ya kiraka. Nilidhani nimemaliza.

Jamani, kiraka hakikumaliza kitu. Muvi ilipokwisha, mabishano yalianza na hayakuwa na mwanzo wala mwisho. Mmoja alisema msukule naye anaweza kushonewa nguo, nani kasema hawezi. Mwingine akauliza kama nina uhakika hakuwa na mashati mawili. Hilo sikuwa nimelifikiria. Mzee wa ng'ombe, yule niliyemtaja, alisema mpangilio wa kwanza ulikuwa na akili zaidi, maana ulieleza kwa nini kijana hasemi, na huu wa pili unasema tu hajui lugha, kana kwamba mtu anaweza kukaa kote huko asijifunze hata kuomba chumvi. Watu wakacheka wakamuunga mkono. Nilianza kujitilia shaka mwenyewe. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu na shati la Shija mkononi, nililileta kama mfano, na sikukumbuka tena lilikuwa mfano wa nini.

Nkwabi akasema, "Minza, umezunguka sana. Jibu swali letu."

Ndipo Mama Masalu aliposimama. Hakututazama sisi. Alikuwa bado anatazama kioo kilichozimwa.

"Yule mama alimfunua mwanawe," akasema. "Alimwona uso." Akageuka nyuma. "Nkwabi, wewe ulimwona Masalu uso?"

Nkwabi akasema, "Shemeji, tuliyazungumza hayo."

"Nakuuliza."

Jenereta lilikuwa limezimwa na nje kulikuwa na jogoo mmoja tu anayewika vibaya.

"Nilimwona," Nkwabi akasema.

"Alikuwa Masalu?"

"Alikuwa Masalu. Nilimtoa kwa mikono yangu hii."

"Uliniambia hukumwona."

"Nilikwambia hivyo kwa sababu ungeniuliza alikuwaje."

Mama Masalu alikaa. Kisha akasema kwa sauti ambayo hata walioko mlangoni waliisikia, kwamba mwanawe amekufa, amezikwa yeye mwenyewe, si mgomba, na mtu akienda nyumbani kwa Ngolo kwa ajili ya mwanawe, atakuwa anakwenda bila mwenye mtoto. Nkwabi alikuwa ameinama, kichwa kimefika magotini. Wale vijana watatu walitoka mmoja mmoja.

Kesho yake asubuhi Mama Masalu alikwenda sokoni kwenye meza ya Bibi Ngolo. Nilikuwepo. Akamwamkia, "Mwangaluka mayu," akaitikiwa. Akanunua michembe, akala mmoja palepale amesimama, taratibu, mpaka ukaisha mdomoni. Michembe mikavu hailiki upesi. Soko lote lilimsubiri atafune. Baada ya hapo watu wakaanza kumwamkia tena yule bibi, kama walikuwa wamepitiwa tu.

Jambo ambalo nimeshindwa kulielewa ni Nkwabi. Alimwona kwa macho yake. Alimtoa kwa mikono yake. Na bado ndiye aliyekuwa wa mbele kutafuta nani kamchukua. Nimelifikiria hilo kwa miaka, nikiwa nafagia, nikiwa nafuta sidii. Sande aliwahi kuniambia labda naye alipoona yule kijana analima, alitaka iwe hivyo kuliko alivyoona mwenyewe. Inawezekana. Nilipomuuliza Sande ana uhakika gani, akasema hana.

Wiki kadhaa zilipita. Mama Masalu akaja bandani mchana, hakuna mtu. Nilimpa kigoda. Alikaa akinyoosha kanga yake kwenye magoti.

"Kwa hiyo ile ya mwisho ilikuwa ya katikati," akasema.

"Ndiyo, mayu."

"Na ile ya katikati ndiyo ya mwisho."

"Ndiyo."

"Hilo nimelielewa." Akaelekeza kidole kwenye deki. "Sasa mwanangu, niwekee ile yetu."

Sikumuuliza ipi. Nilimtazama nikidhani amerudi kwenye yale ya msukule, nikaogopa. Alinisoma, akasema, "Najua amekufa. Nimesema mbele ya watu. Niwekee tu."

Nikaweka ya kwanza, nikaweka ya mazishi, nikaweka ya shambani. Alipofika mwisho, jembe juu, kijana anatutazama, akasema, "Analima." Nikasema analima, mayu. Akafunga kanga, akaniaga, akaenda kupika.

Amekuwa akija hivyo kila mwaka baada ya mavuno, mchana, peke yake. Sande aliondoka kwenda kwao, Mangi akamwachia banda mwanawe, maturubai yakawa madirisha ya vioo. Zilikuja tamthilia zenye mtafsiri anayeongea kuliko waigizaji, na maswali yakabadilika, watu wakawa wanauliza kama mtafsiri amedanganya. Siku hizi wananitumia sauti kwenye simu kutoka hata Rwamgasa, mtu yuko juu ya duara anasubiri zamu, anataka kujua yule mke mdogo alikuwa na mimba ya nani. Nawauliza wote kwanza wameona mpaka wapi. Kulwa ni fundi cherehani, Doto ana watoto, Shija anafundisha sekondari na ananisahihisha Kiswahili. Tulibaki pamoja mpaka kila mmoja alipoondoka kwa miguu yake.

Macho yangu yamekuwa mekundu kwa kioo. Mama mmoja mgeni hapa mtaani alimvuta mtoto wake nilipompa pipi. Nilimwambia ni ya televisheni hayo, asiogope. Akacheka kidogo, lakini mtoto hakumwachia. Bibi Ngolo alifariki kitandani kwake, tukamzika vizuri, na Mama Masalu ndiye aliyemwosha.

Maswali mengine sijui na nawaachia hivyohivyo. Sijui ile bunduki iliishia wapi. Sijui kama kijana alikuwa na mashati mawili. Mkiulizwa msichojua, semeni hamjui, banda halitaanguka. Langu halikuanguka.

Zile sidii tatu ziko kwenye kopo la biskuti, juu ya lile deki la zamani. Ya shambani ina mkwaruzo karibu na ukingo, ipakeni dawa ya meno kabla ya mavuno kwisha. Namba nilizoandika juu ya zote tatu ni sahihi, nimezihakikisha mimi na Sande, na mtu yeyote akitaka kuiona muvi hiyo mfuate namba hizo. Akija Mama Masalu, msizifuate.